Usukani Uliomshinda Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya Septemba, mwanangu, jua limeshatoka lakini baridi imeanza kuuma masikio, na wewe umesimama nyuma ya jengo letu la mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni, na begi jipya mgongoni. Begi lilikuwa kubwa kuliko wewe. Ulikuwa unaanza darasa la kwanza, na baba yako, kaka yangu Rashidi, alikuwa amekuahidi kukupeleka mwenyewe kwa gari lake. Unaijua hadithi hiyo. Nimekusikia mara nyingi ukiisimulia: kwamba siku hiyo baba alikaa kwenye usukani akashindwa kuuzungusha, akashuka, na hapo ndipo nyumba nzima ilipojua kuwa ugonjwa umemmaliza.

Hadithi hiyo si ya kweli, Zuhura. Ulichokiona ulikiona sawasawa, ila sababu yake hukuijua. Mimi niliijua siku ileile, na nimekaa nayo kifuani miaka yote hii. Juzi uliponitumia picha ya rimu kubwa unazotaka kulivalisha gari la marehemu, ukaniuliza kwa Kiingereza chako kama zinapendeza, nilishindwa kukujibu. Nimeona bora nikuandikie kwa Kiswahili, maana najua unakisoma vizuri, ingawa ukisemeshwa unajifanya mgeni.

Nianze na gari lenyewe. Baba yako alilinunua kwa mjane mmoja, likiwa limekaa miaka mingi chini ya turubai. Ni gari la Kimarekani la miaka ya sitini, la milango miwili na injini ya silinda nane, yale ambayo watu wa hapa huyaita magari ya misuli. Alilifufua taratibu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alinyoosha bodi, akapiga rangi ya kijani, akafunga breki upya. Kitu kimoja alikataa kukigusa, nacho ni rimu. Zilikuwa za chuma, nyembamba, zimepakwa rangi ileile ya bodi, na katikati kuna kifuniko kidogo kinachong'aa. Mimi nilimwambia zinafanana na masufuria. Alicheka sana.

"Mdogo wangu," akasema, "gari hili lilizaliwa nazo. Waliolitengeneza hawakuwa wajinga."

Halafu figo zikamgomea. Mara tatu kwa wiki alikuwa anakwenda hospitali kusafishwa damu, na mkono wa kushoto, ule waliokuwa wakiuchoma sindano, ulianza kulegea. Lakini hakuwa mtu wa kulala kitandani akasubiri. Kila siku alitembea kwenye korido ya ghorofa yetu, kwenda na kurudi mara kumi, majirani wakimhesabia kwa utani. Daktari alikuwa amemruhusu kuendesha mwendo mfupi siku ambazo hasafishwi damu. Basi akaapa kwamba siku yako ya kwanza ya shule hutapelekwa na mtu mwingine. Alilisema jambo hilo kiangazi kizima, mpaka mama yako akawa anamjibu kabla hajamaliza.

Tatizo lilikuwa matairi. Yalikuwa yamepasukapasuka ubavuni kwa uzee, na baba yako hakuwa na nguvu za kuzunguka madukani. Akanituma mimi nikanunue mapya manne. "Saizi ileile, rimu zilezile," akaniambia. "Usije ukaniletea ya kwako."

Mwanangu, ningemsikiliza, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi ghalani kule Downsview, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimeona gari moja kituo cha mafuta, la umri kama wa letu, limevaa matairi mapana ya kutisha, rimu zimejitokeza nje ya madigadi zinameremeta. Sikulala kwa kulifikiria. Nikajiambia nitamfurahisha kaka, nitamfanyia zawadi asiyoitegemea. Nilikuwa najidanganya. Niliyetaka kutazamwa barabarani nilikuwa mimi.

Karibu na ghala letu kulikuwa na duka la matairi, na fundi wake alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, tukimwita Papa Deo. Alikuwa ametengeneza magari huko kwao tangu ujana wake. Mimi na wenzangu tulikuwa tukikicheka Kiswahili chake, tukiona chetu cha Morogoro ndicho kilichonyooka. Yeye rimu aliiita janti na usukani akauita vola, na sisi tulikuwa tukirudia maneno yake nyuma yake kama wapuuzi.

Nilipomwonyesha rimu nilizochagua hakuzigusa kwanza. Alichuchumaa, akapitisha kiganja chini ya madigadi, akapima kwa vidole, kisha akafungua mlango akautingisha usukani kidogo.

"Petit," akaniuliza, yaani kijana kwa Kifaransa, "ni nani ataendesha?"

"Kaka yangu."

"Iko na nguvu?"

Sikutaka kumweleza habari za ugonjwa wa ndugu yangu. "Ana nguvu kukushinda wewe," nikamjibu.

"Ile janti ni pana sana, na inatoka inje. Vola itakuwa nguvu. Hii motokari haina kitu ya kumusaidia."

Alikuwa ananieleza, kwa upole kabisa, kwamba tairi pana hung'ang'ania lami, na rimu ikitoka nje usukani unazidi kuwa mzito, na gari la zamani kama lile halina mashine ya kumsaidia dereva kukata kona. Hilo kila fundi analijua. Mimi nikamwambia nimekuja dukani, sikuja darasani. Akanitazama, akachukua spana yake, akafanya kazi aliyotumwa. Rimu za zamani nilimwachia pale, nikamwambia hata akizitupa ni sawa.

Niliporudi Parkdale niliuona uzito wa usukani. Kila kona nilikaza mabega. Na nikafurahi! Nilidhani ndio uanaume wenyewe wa gari, kwamba sasa linaendeshwa na watu kweli.

Baba yako alishuka kulitazama. Alilizunguka polepole, akaishika rimu moja, akaifuta kwa mkono wa shati ingawa haikuwa chafu. Nilijua hakuipenda. "Na zile zangu?" akauliza. Nikasema ziko salama kwa fundi. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Haya, ahsante, mdogo wangu." Hakutaka kunivunja moyo. Kesho yake ndiyo ilikuwa shule.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Gari lilikuwa limeegeshwa pua ukutani na nyuma nafasi ni finyu, kwa hiyo ilikuwa lazima ukate usukani wote kabla halijasogea. Wewe ulikuwa kiti cha nyuma. Mama yako alisimama mlangoni na kamera, mimi nikasimama pembeni. Baba yako alikuwa amevaa suruali yake ya Idi. Akawasha injini, ikanguruma vizuri, akatutazama akacheka. Kisha akakata usukani, na usukani haukwenda. Akaweka mikono yote miwili, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ukasogea kidogo, ukamrudi. Akajaribu tena, na tena, huku wewe ukimwambia kwa Kiingereza kwamba mtachelewa.

Akaachia. Alikaa akiitazama mikono yake. Halafu akafungua mlango, akashuka, akanipa ufunguo.

"Mpeleke wewe," akasema. "Mikono imeisha."

Hapo ndipo nilipokosea kweli, mwanangu. Rimu zilikuwa kosa la ujinga, lakini hili lililofuata nililifanya nikijua. Nilikaa kwenye kiti, nikashika usukani, na nikakuta ni mzito vilevile. Ilinibidi niegemeze goti mlangoni na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Lakini sikutaka watu waone kwamba rimu zangu zina kasoro. Kwa hiyo nilivuta huku nikitabasamu, nikikuuliza jina la mwalimu wako, kama mtu anayegeuza chapati. Gari likatoka. Kwenye kioo nikamwona baba yako amesimama na mama yako, ananitazama jinsi nilivyouzungusha kirahisi. Sura aliyokuwa nayo siwezi kukuelezea. Ingetosha nifunge breki, nishuke, niseme, "Kaka, usukani nusura unishinde hata mimi." Maneno hayo hayazidi sita. Sikuyasema.

Mchana nilipotoka kazini nilikwenda kwa Papa Deo, nikamweleza yote, safari hii bila kuficha ugonjwa. Alisikiliza akiwa ameshika kofia.

"Mikono yake haina makosa," akasema. "Makosa ni ya pine." Pine ndilo tairi kwao. "Enda umuambie leo. Hata usipate janti ingine, muambie leo."

Rimu za zamani zilikuwa zimeshakwenda na lori la vyuma chakavu. Ndipo nikajitungia sababu. Nikasema nitafute kwanza rimu nyingine kama zile, nikimwambia kosa nimpe na dawa yake hapohapo. Ilionekana busara. Kumbe ilikuwa aibu tu. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Baba yako akaacha kutembea kwenye korido. Majirani wakamwita kwa utani kama kawaida, naye akawa anajibu kutoka ndani kwamba kazi hiyo ameiacha. Akanikabidhi sanduku lake la spana. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia bila kulalamika, "Gari limenikataa, bwana. Nimejua nilipofika."

Nilikwenda hospitali siku moja nimepiga moyo konde, nimepanga maneno tangu kwenye treni. Nikamkuta amejilaza, akanishika mkono kabla sijafungua mdomo, akasema, "Gari mtunzie Zuhura." Nikasema, "Sawa, kaka." Basi. Maneno yangu yote niliyoyapanga yaliishia hapo. Februari, theluji ikiwa imefika magotini, tukamzika.

Sisemi matairi yalimuua. Figo ndizo zilizomwondoa, na daktari alituambia mapema kwamba safari yake ni fupi. Ninachosema ni kwamba baba yako aliishi miezi mitano ya mwisho akiamini jambo la uongo kuhusu mwili wake mwenyewe, na mimi nilikuwa na ukweli mfukoni.

Aprili Papa Deo akanitafuta. Alikuwa amepata rimu nne za chuma, nyembamba, kwenye gari lililotupwa. Tukazifunga pamoja na matairi ya saizi yake, pale nyuma ya jengo, mahali palepale. Nikakaa, nikakata usukani gari likiwa limesimama. Ulizunguka. Haukuwa mwepesi kama wa magari ya leo, lakini ulizunguka kwa mkono mmoja, hata kwa mkono mbovu ungezunguka. Nilizungusha kushoto, nikazungusha kulia, nikaanza kulia kama mtoto.

Papa Deo aliniacha mpaka nikanyamaza. "Ulimuambia?" akauliza. Nikatikisa kichwa. Hakunifariji wala hakunigombeza. Alikusanya vyombo vyake akaenda zake, na tangu siku hiyo aliponiona alinisalimia tu, hakukaa tena kuzungumza nami. Nilistahili.

Jana, kabla ya kuandika haya, nilikwenda kwa mama yako nikamwambia. Nilidhani atanifukuza. Alikaa ameshika kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema neno moja tu, na hakulisema kwangu.

"Kumbe alikuwa anaweza."

Sasa nakuusia, mwanangu. Gari ni lako, na sikukatazi kulipamba. Ila kabla hujalivalisha chochote, pima nafasi chini ya madigadi, kata usukani mpaka mwisho uone kama tairi linagusa, angalia rimu isitokeze nje kwa sababu ya kupendeza tu. Na kabla ya vipimo vyote hivyo, jiulize lile swali la Papa Deo: nani ataendesha? Mama yako ana bega bovu, na najua utataka siku moja naye aliendeshe. Chagua kwa ajili ya atakayekaa kwenye kiti. Wanaosimama kando kutazama watasahau rangi ya rimu zako kabla hujafika taa ya pili. Zawadi pia ndivyo zilivyo, na msaada, hata ndoa: mtazame atakayebeba, usijitazame wewe unayetoa.

La pili ndilo kubwa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama dawa huna. Mtu anaweza kulivumilia kosa lako akijua ni lako. Ukinyamaza, atalichukua aliweke mwilini mwake, alifanye lake, na hutaweza kulitoa tena humo. Mimi nilisubiri niwe na rimu mkononi. Nilipozipata, wa kuambiwa hakuwepo.

Nakuomba radhi, Zuhura, wewe kwa nafsi yako, na kwa niaba ya yule niliyechelewa kumwomba. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, sitakimbia.

Mungu amlaze baba yako mahali pema. Akulinde wewe kila unapowasha injini, akupe mikono yenye afya mpaka uzeeni, na karibu yako asikosekane mtu wa kukuambia ukweli ukiwa ungali hai kuusikia. Amin.

Baba yako mdogo.