Rili ya Sita

Katika ofisi ya mafaili ya hospitali walimwita Karani, na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani, hata majirani wakasahau lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupanga mafaili ya wagonjwa kwa namba na kuhakikisha kwamba faili likitoka linarudi pale pale lilipotoka. Wenzake waliiona kazi ya kuchosha. Yeye aliipenda, na jioni alipofika kwake aliendelea nayo kwa namna nyingine, maana alikuwa na madaftari kumi na manne yenye majalada magumu, yote ya picha za Kihindi.

Kila picha aliyoiona tangu akiwa na miaka kumi na sita ilikuwa na kurasa zake mbili: siku, kiti alichokaa, nyimbo ngapi, nani alilia, stelingi alijeruhiwa wapi na aliponaje. Kihindi chenyewe alijua maneno kama arobaini, nusu yake ya mapenzi na nusu ya kutishia kuua. Hilo halikumsumbua. Alikuwa akisema kwamba mama anayelia halafu hajulikani analia nini, huyo kaigizwa vibaya, na katika picha za Kihindi hajawahi kumwona mama wa namna hiyo. Sinema aliyokuwa akienda ilifungwa zamani na kugeuzwa ghala la magodoro, lakini madaftari yalibaki, yamepangwa kwa miaka juu ya kabati la nguo.

Alikuwa akienda na mdogo wake wa kike, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo mama yao aliwaruhusu. Mdogo mtu alikuwa na ulimi mwepesi na hakujua kunong'ona. Siku moja mama wa kwenye picha alifukuzwa na shemejiye, akakaa chini ya daraja na kichanga chake huku mto ukipanda, na watu wakaenda mapumziko roho zao juu. Waliporudi, taa zilipozimwa, mama yule yule alikuwa na mvi, kasimama mahakamani, na kichanga ni kijana mwenye pingu.

"Kaka, huyu amefikaje hapa? Si tulimwacha chini ya daraja?"

Karani hakujua. Lakini kaka mkubwa hawezi kusema hajui mbele ya ukumbi mzima, kwa hiyo alimjibu kwamba wenye picha wamewaachia watazamaji wafikiri wenyewe. Mdogo wake alifikiri, akaanza kulia. Karani akaona kumbe alichosema ni kweli. Usiku huo, katika daftari la kwanza, aliandika neno "mruko" na kulipigia mstari.

Miaka ikapita, mdogo wake akaolewa na mwalimu wa sekondari, mtu mrefu, mwenye haki, asiyependa upuuzi. Mwalimu alikuwa na upuuzi mmoja aliouchukia kuliko mwingine wote, nao ni picha za Kihindi. Kila Jumapili walipokutana kwa chai ya saa kumi, alianza upya kana kwamba Jumapili iliyopita hawakusemezana. Alitaka kujua mtu anapigwaje risasi tatu na bado ana pumzi ya kuimba beti nne. Alitaka kuelezwa ndugu waliopoteana sokoni wanawezaje kukutana baada ya miaka ishirini kwenye chumba kimoja cha hospitali, tena mmoja anamtolea mwenzake damu. Siku nyingine alikuja na gazeti, ambamo mhakiki fulani aliandika kwamba picha hizi zinawazoesha watu kuupenda uongo, akaisoma makala yote kwa sauti, na koma zake.

Karani alijibu taratibu, akifungua daftari. Wimbo, alisema, si kwamba mtu anaimba kweli akiwa anavuja damu. Wimbo ni yale yanayopita kichwani mwa mtu wakati ambapo mdomo hauwezi. Na hiyo hospitali wanamokutana ndugu, yeye anafanya kazi hospitali, amekwisha kuona mafaili ya baba na mtoto wasiojuana yamelala kwenye rafu moja. Wahakiki, alisema, wanaipima picha kwa saa ya mkononi. Wanataka kila kitu kifike kwa miguu, hatua kwa hatua, kama mtu anayekwenda kulipia maji.

"Na huo mruko wako?" Mwalimu alimchokoza. "Fundi akisahau kujenga ukuta, tuseme ametuachia tufikiri wenyewe?"

"Jamani, mwacheni stelingi anywe chai," mkewe akasema, na wote watatu wakacheka, kwani stelingi mwenyewe alikuwa Mwalimu, mwenye kikombe kilichopoa.

Kisha mdogo wake akafa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na ilimchukua siku kumi na moja. Mwalimu alikuwa mbali, kwenye kituo cha kusahihisha mitihani ya taifa, ambako wasahihishaji hukusanywa, simu zao zikafungiwa kabatini, na ujumbe wa nyumbani ukapitia ofisini. Ujumbe wa kwanza ulikaa mezani kwa mtu siku nne. Alimwacha mkewe mlangoni akimkumbusha asisahau sweta, akamkuta kwenye kitanda cha hospitali macho wazi, hatamki neno, wala haijulikani kama anamtambua. Alfajiri iliyofuata mkewe akakata roho, na jioni akamzika. Mambo ya katikati hakuyauliza, na Karani, ambaye alikuwapo siku zote kumi na moja, hakuyasema.

Jumapili hazikukatika. Mwalimu aliendelea kuja, akakaa kwenye kiti kile kile, akazisema picha za Kihindi kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya zamu.

Mwaka wa nne tangu kifo hicho, msimamizi wa maktaba ya umma, mama mmoja mchangamfu ambaye faili lake Karani alikuwa amewahi kulitafuta nusu siku mpaka akalipata, alimwomba aje kuzungumza mchana mmoja juu ya picha hizo na wanaozibeza. Karani hakuwahi kusimama mbele ya watu. Aliandika kurasa kumi na nane, akazirudia mara tatu. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa mruko. Alikuwa amepekua madaftari yote na kupata kanuni: katika picha arobaini na tatu mruko huja mahali pamoja, mara tu baada ya mapumziko. Hilo, aliandika, haliwezi kuwa bahati. Watu hawa wanakuonyesha mtu kabla ya msiba na baada ya msiba, na katikati wanafunga pazia kwa heshima, kwa sababu wanajua kila mtu ana katikati yake ambayo hakuonyeshwa.

Alimpa Mwalimu asahihishe lugha. Baada ya wiki moja kurasa zilirudi zimejaa wino mwekundu, isipokuwa ya kumi na moja. Hiyo haikuwa na alama yoyote, ila chini kabisa, kwa penseli: "Hapa nimekuelewa."

"Shemeji," Mwalimu alisema akitazama sakafu, "miaka yote ile ulikuwa unasema jambo la maana na mimi nakucheka. Huu ukurasa nimeusoma kila siku. Mara ya kwanza nimelala usiku mzima tangu dada yako."

Karani alimwongezea chai.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, siku tatu kabla ya mazungumzo alikwenda kumtafuta mzee aliyekuwa akiendesha mashine kwenye ile sinema, apate mwaka kamili ilipofungwa. Alimkuta barazani kwa binti yake, miguu imefunikwa kanga, macho yamefifia lakini mdomo mzima. Walisalimiana, mzee akautaja mwaka na mwezi, na hata jina la picha ya mwisho. Kwa furaha ya kumpata mtu anayejua mambo, Karani akamweleza ile kanuni yake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Ulikuwa unakuja siku gani?"

"Jumamosi, mzee."

"Ahaa. Jumamosi tulikuwa na maonyesho manne badala ya matatu. Picha yenye urefu wa saa tatu haiingii mara nne, hata uifanyeje. Tajiri akasema kata. Basi nikawa naruka rili ya sita." Alichora duara hewani kuonyesha gurudumu la mkanda. "Ile ya kwanza baada ya mapumziko. Watu wanarudi na karanga zao, wanatafuta viti, wanakanyagana. Nani atajua? Mngekuja Jumanne mngeona picha nzima."

Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake akaacha. "Usinichukie mwanangu. Zile nzuri sana zilikuwa zinaniuma kuruka."

Karani aliaga kwa adabu. Njiani alihesabu Jumamosi zake. Picha arobaini na tatu, na kaka mkubwa anayemweleza mdogo wake mambo ambayo hakuyajua, na mdogo mtu anayemwamini. Wahakiki waliosema hadithi hizi hazina mshikamano aliwajibu kwa miaka thelathini, na kumbe alichokuwa akikitetea ni haraka ya mwenye sinema. Hilo angelivumilia. Angesimama pale maktaba, akajicheka, watu wakacheka naye, yakaisha. Tatizo lilikuwa yale maneno ya penseli. Ukurasa akiusoma, hakuna wa kumsuta, maana mzee hatoki barazani. Akiuondoa kimyakimya, Mwalimu ataulizia. Akisema kweli, atamnyang'anya usingizi mtu ambaye hakuwa na kingine.

Siku tatu hizo alikosea mafaili mawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mchana wa mazungumzo walikuja watu ishirini na kitu. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, amevaa koti. Karani alisoma vizuri kuliko alivyotarajia. Alisema juu ya mama, juu ya nyimbo, juu ya mhakiki anayetoka ukumbini na macho mekundu na kuandika kwamba kuna vumbi. Alipomaliza ukurasa wa kumi akaruka hadi wa kumi na mbili.

"Umeruka mmoja," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. Akawageukia watu. "Huo alioruka ndio wenyewe. Wasomee, shemeji, wausikie."

Karani aliutazama ukurasa. Herufi zake mwenyewe zilikuwa zimenyooka, hazina doa. Aliwaza kwamba kusoma ni dakika tatu tu. Lakini katika maisha yake hakuwahi kurudisha kwenye rafu faili ambalo alijua lina karatasi ya mtu mwingine, na mkono ulikataa. Akaukunja ukurasa, akawasimulia watu juu ya mzee wa mashine, maonyesho manne ya Jumamosi, na rili ya sita.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama wa maktaba alijifuta machozi. Lilikuwa ndilo jambo lililopendwa zaidi mchana ule, na wengi walimpa mkono wakidhani alikuwa amelipanga hivyo. Mwalimu hakucheka. Alisubiri mpaka ukumbi ukawa mtupu, akamsaidia kukunja viti, na walipokuwa wamebaki wawili akasema bila hasira:

"Ungeniachia hata huo mmoja."

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja. Ya tatu Karani alifunga mlango saa tisa na nusu, akatembea hadi kwake. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mtu asiyelala. Sweta la marehemu lilikuwa bado kwenye ndoano nyuma ya mlango. Mwalimu alimkaribisha, akachemsha maji, akasahau kuweka majani. Walikaa wakinywa maji ya moto yenye sukari kama watu wazima wasiotaka kuaibishana.

"Nilikuwa nimejipa moyo," Mwalimu alisema hatimaye, "kwamba hayo ya katikati sikuonyeshwa kwa heshima. Sasa najua hakuna heshima yoyote. Ni kwamba nilikuwa sipo, basi. Kuna mtu aliacha karatasi mezani, na mimi nilikuwa nasahihisha." Akakizungusha kikombe. "Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Uliandika?"

Karani aliandika, ndiyo. Mtu wa namna yake angefanya nini kando ya kitanda siku kumi na moja? Aliandika joto la mwili asubuhi na jioni, aliyekuja, alichokula, alichosema alipokuwa bado anaweza kusema. Na baadhi ya aliyoyasema yalikuwa makali. Siku ya tatu aliuliza kama mumewe amepiga simu, siku ya nne akauliza tena, na siku ya tano akasema asiulizwe kitu juu ya mtu huyo. Kwa miaka minne Karani alikuwa amejiambia kwamba ananyamaza kwa ajili ya Mwalimu. Sasa, mbele ya maji yale ya sukari, hakuwa na hakika.

"Si mambo mazuri yote, shemeji," alisema. "Mengine yatakuumiza."

"Hata kutojua kunaniuma."

"Hutalala."

"Silali."

Nje mtu alikuwa akipiga deki kibaraza, ndoo ikigonga ukuta. Mwalimu aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kupokea matokeo. Karani hakuwa na daftari. Hakulihitaji.

"Ulipoondoka ilikuwa Jumatatu," akaanza. "Jumatatu hiyo alikuwa mzima. Alifua mashuka, na mchana akaja kwangu kuazima pasi. Alisema kichwa kinamgonga kidogo. Mimi nikamwambia ni jua."

Alikatiza hapo, kwa sababu hilo la jua hakuwahi kumwambia mtu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, aendelee.

"Jumanne," Karani akasema.