Mraba wa Kumi na Saba

Wenzake chuoni walimbatiza Bibi Magugu, naye alicheka nao ingawa utani ule ulimchoma. Walidhani amechagua kusomea mimea vamizi katika shahada ya pili kwa sababu ana kichwa chepesi. Kichwa gani! Ilikuwa hatia tupu.

Alikuwa na miaka kumi mama yake alipofariki. Alichukua mche wa maua ya zambarau ambao marehemu aliutunza kwenye kopo dirishani, akaenda kuupanda kaburini. Baba yake akawa anaumwagilia kila wiki. Mche ukashika, ukawa kichaka, ukaruka ukuta wa makaburi na kuvamia malisho. Ng'ombe wawili wa jirani wakala majani yake, wakafa. Watu walimlaani aliyeleta gugu lile, na binti akafyata ulimi. Alifyata miaka kumi na mitano.

Sasa alikuwa na ramani ya utafiti wake, eneo zima limegawanywa miraba arobaini. Kila mraba aliingia kwa miguu, akahesabu mashina na kupima unene wake. Mmoja tu aliukwepa.

"Wa kumi na saba mbona mtupu?" msimamizi wake aliuliza.

"Ni makaburini, mwalimu."

"Kwani gugu linaogopa maiti? Nenda kahesabu. Shina nene kuliko yote ndilo lililoanza. Ukilipata, ling'oe."

Alimkuta baba yake palepale kaburini, mgongo umepinda, ndoo ya maji mkononi. Alisema yote bila kuzunguka.

"Baba, maua haya ndiyo yaliyoua wale ng'ombe. Niliyapanda mimi."

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu ng'ombe wa kwanza."

"Sasa mbona uliendelea kumwagilia?"

"Nilikuwa na kitu gani kingine cha kumfanyia mama yako?"

Binti alilia kwa sauti, hakujali nani anapita. Kisha akachukua jembe alilokuja nalo. Mizizi ilikuwa imezama sana, akachimba mpaka viganja vikachubuka. Shina lilipong'oka, aliandika kwenye daftari: mraba wa kumi na saba, shina moja.

Baba yake alikuwa bado amesimama na ndoo iliyojaa, hajui maji ayamwage wapi.