Ukanda wa Mzinga

Siku hizo Wajerumani walikuwa wamekwisha jenga boma lao Arusha, lakini kesi za mizinga ya nyuki watu wa Engutoto walizimaliza wenyewe. Na kesi hii aliwaletea Lerionka, mrina asali hodari, ila mvivu wa kukagua kamba zake.

Mwaka ule rika lake lilitaka asali ya pombe ya sherehe, na lilitaka upesi. Lerionka akatundika mzinga kwenye mti wa mringaringa uliotanda juu ya njia, kwa ukanda wa ngozi wa mwaka uliopita. Aliuona umeoza katikati. Akajiambia utavumilia mpaka mvua zianze. Haukuvumilia. Mzinga ulimwangukia Nkasiogi, mjane aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, ukamvunja mguu.

Nkasiogi aliwaambia wazee kwamba kipande cha ukanda kilimwangukia kifuani, na kilinuka uozo. Nani alimsikiliza? Kwao, mtu akishtakiwa rika lake ndilo humsemea, na rika halimtupi mwenzao. Msemaji wao alikuwa Saning'o, bingwa wa maneno matamu, naye alieleza kwa utulivu kabisa kwamba mzinga uliangushwa na upepo. Na kama ni upepo, hakuna wa kuulizwa. Mama wa watu angebaki na mguu wake uliovunjika, shamba limejaa magugu, na juu ya hayo aitwe mwongo.

Lerionka alikaa nyuma ya wenzake. Nkasiogi alikuwa ameletwa barazani amelazwa juu ya ngozi. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mama anayengoja mtoto aseme mwenyewe, na hilo ndilo lililomshinda Lerionka. Akainuka, Saning'o akiwa bado amesimama, jambo ambalo mshtakiwa hathubutu kulifanya.

"Ukanda ulikuwa umeoza," alisema. "Niliuona, nikautumia hivyo hivyo. Mama huyu hakusema uongo."

Nkasiogi akajifunika uso, akalia. Saning'o aliketi polepole, na mwezi mzima hakumsalimu Lerionka.

Wazee wakaamua kwamba, kwa kuwa alijua, atamlimia mjane na kumtekea maji mpaka atakapotembea. Mwanamume mzima na mtungi wa maji! Wenzake walimcheka hadi wakachoka wenyewe. Naye alilima, akateka, na jioni akakaa kidogo kumsimulia mjane habari za nyuki, kwa kuwa alimwonea huruma kulala peke yake siku kutwa.

Baada ya mavuno Nkasiogi alisimama kwa fimbo, akachechemea mpaka mferejini na kurudi. Wazee wakamfungua Lerionka siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, akiulizia mtungi.

"Hukumu yako imekwisha, mwanangu," Nkasiogi alimwambia.

"Na mguu, mama, umekwisha kuuma?"

Nkasiogi akamwambia kweli, kwamba bado, hasa asubuhi za baridi, akampa mtungi.