Marehemu Watatu wa Siku ya Mama

Mama yangu anatimiza miaka siku moja na marehemu watatu: mwimbaji wa dansi, beki wa mpira na mchekeshaji wa redioni. Siku hiyo ikifika, redio inawakumbuka tangu asubuhi, na mimi najua sitatoka Mbuji, kijijini kwetu milimani.

Tarehe yenyewe niliitunga mimi. Tulipokwenda kuandikisha vitambulisho, miaka minane iliyopita, karani alitaka siku na mwezi wa kuzaliwa. Mama akanitazama. Yeye alikuwa na mwaka tu, tena wa kukadiria. Foleni ilikuwa ndefu, watu nyuma yetu wanaguna, na asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba ni siku ya kuzaliwa ya yule mwimbaji. Nikaitaja tarehe ya siku ileile. Karani akaandika bila hata kushangaa.

Mama aliipenda siku yake kupita kiasi. Beki na mchekeshaji walipofariki, mtangazaji akasema nao walizaliwa tarehe hiyo, na mama akawachukua kuwa wenzake. Siku hiyo jumuiya yetu ya kanisani ikija kusali rozari nyumbani, mama anawaombea wote watatu kwa majina, kama ndugu wa ukoo. Mwenyekiti alimnong'oneza siku moja kwamba mchekeshaji alikuwa Mwislamu.

"Mwanangu," mama akamjibu, "sisi tumezaliwa siku moja. Hayo mengine Mungu atayapanga."

Ningecheka, kama si kile kinachofuata. Rozari ikiisha, mama hunishika mkono na kuniambia, "Wenzangu wote wameshaondoka, sasa wananiita mimi. Usiniache mwaka huu." Miguu yake haina nguvu tena. Ndugu zangu wako mbali, kazi yao kutuma salamu.

Mume wangu yuko Mbamba Bay, anatengeneza injini za boti, mwaka wa tano sasa. Ni kuteremka milima tu hadi ziwani, lakini mimi nimeshindwa kuteremka. Mwaka huu aliniambia kwenye simu, bila ukali, kwamba mwezi ukiisha sijaenda atajua nimeamua. Nampenda yule mtu. Niliogopa kumpoteza kiasi cha kukosa hamu ya kula.

Kwa hiyo nikapanga kumwambia mama ukweli, na mume wangu nikamweleza mpango wangu. Tarehe ikiwa si ya mama, wale marehemu si wenzake, na kama si wenzake hawamwiti. Yeye angetulia, nami ningeondoka. Mke wa kaka yangu alishakubali kuja kukaa naye.

Siku ikafika, rozari ikasaliwa, jumuiya wakanywa chai wakaondoka. Nikakaa mkekani karibu na mama, nikamwambia yote: foleni, karani, redio. Mama alisikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Bibi yako alishikwa na uchungu akichimba ngoro. Wewe umeniandikisha wakati watu wanachuma kahawa."

Nilijisikia mjinga. Ngoro ni yale mashimo ya mraba tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo, na huchimbwa miezi kadhaa kabla kahawa haijaiva. Huku kwetu mtoto anajua hilo kabla hajajua kusoma.

"Sasa mbona kila mwaka unasema wanakuita?"

"Kwa sababu nikisema hivyo, unabaki."

Aliongea bila aibu, akatupa harage bovu pembeni. Nilimkasirikia. Miaka yote ile nilidhani namficha yeye uongo wangu, kumbe aliuokota siku ileile pale kwenye foleni, akautunza hadi alipouhitaji. Nilitaka kumwambia maneno makali na nilikuwa nayo mengi. Ndipo nikaona anachambua maharage yaleyale aliyokwisha kuyachambua, ili asinitazame.

Nikatoka uani na simu. Mume wangu alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishikilia mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ameelewa?"

"Ameelewa. Alikuwa anajua tangu zamani."

"Basi hakuna kinachokuzuia tena," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. "Kwa hiyo unakuja lini?"

"Si marehemu waliokuwa wananizuia," nikasema, nikimtazama mama kupitia mlangoni, naye akakata simu.