Vikombe vya Bi Tausi na Mwendo wa Mashine

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, ni ile ambayo Bi Tausi aliingia kwetu Temeke bila hodi, mkononi ameshika mkono wa kikombe, kikombe chenyewe hakipo. Nakusimulia kwa sababu juzi ulilalamika hapa kwamba hesabu za mabadiliko mnazofundishwa chuoni, hizo mnazoziita milinganyo tofautishi, ni za kutesa watu tu, na kwamba unataka kuuacha uhandisi wa mitambo. Kaa kitako. Chai ipo.

Enzi hizo za Mwingereza, mie na babu yako Sudi tulikuwa wachanga katika ndoa. Tulikuwa na mashine ya kusaga mahindi ndani ya banda lililoshikana na nyumba ya Bi Tausi, mjane mwenye sauti kubwa na vikombe vizuri. Vilikuwa vyembamba, vya maua, amevipanga kwenye rafu ya ukutani, ukuta uleule wa banda letu. Akaja kutuambia kwa ustaarabu kabisa kwamba mashine inavitikisa vikombe vyake. Babu yako, ambaye aliogopa lawama kuliko simba, akamjibu palepale, "Usijali, mama yangu, nitapunguza mwendo."

Akapunguza kweli. Unga ukatoka na chenga, wateja wakanuna, lakini sie tukajiona watu wa heshima. Kumbe huko kwa jirani vikombe havitikisiki tena, vinaruka! Ndipo akaja na ule mkono wa kikombe.

"Nyie watoto mnanikomoa!" alifoka. "Nimewaomba kwa adabu, mkazidisha! Ijumaa baada ya swala nakwenda kwa jumbe, na hiyo mashine itaondoka."

Jumbe wa mtaa alimheshimu sana Bi Tausi, nasi tulijua atamsikiliza. Mashine ile ndiyo ilikuwa riziki yetu yote. Ikiondoka, babu yako angerudi kubeba magunia bandarini, nami ningerudi kwa baba yangu kule Kimbiji nikamsubiri huko. Nililia, sikufichi. Babu yako naye akafikiri sana, na wazo alilolipata ni kupunguza mwendo tena.

Aliyemzuia ni mpangaji wetu, Mwalimu Elia, kijana wa bara aliyekuwa akifundisha hesabu. Alimuuliza swali moja tu: "Hivyo vikombe hutikisika wakati gani hasa?" Tulikuwa tumeomba radhi, tumepunguza mwendo, tumelia, lakini kuuliza hatukuuliza.

Basi kesho yake asubuhi nikajitanda khanga zangu nikaenda. "Shikamoo, mama. Naomba nikae na vikombe vyako." Aliniangalia kama mtu aliyepagawa, lakini akanionyesha mkeka. Kwa maelekezo ya Mwalimu, babu yako akawasha mashine na kuipandisha mwendo polepole. Mwanzoni rafuni kimya. Mwendo ukapanda, vikombe vikaanza kugongana, Bi Tausi akavikumbatia. Mwendo ukapanda zaidi, ukafika ule wake wa zamani, vikombe vikatulia tuli.

"Ehee," akasema Bi Tausi, "hivi ndivyo ilivyokuwaga. Asubuhi mkiwasha na jioni mkizima, basi. Siku hizi kutwa nzima!"

Nilitoka mbio mpaka khanga ikanidondoka. Mwalimu aliposikia alicheka, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa banda mstari wa alama ambazo mie sikuzijua. Alinionyesha moja moja: huu uzito wa ukuta, huu ukakamavu wake, hiki kinachoutuliza, na hii ni injini inayousukuma. Kisha akatukumbusha bembea ya Idi. Mtoto ukimsukuma kila anaporudi, hupaa hata kwa kidole kimoja. Ukimsukuma harakaharaka bila kumngoja, haendi popote.

"Ukuta nao una mwendo wake wa kutikisika," alisema. "Bwana Sudi, wewe kwa adabu yako umeipunguza injini mpaka ikalingana nao sawasawa."

Dawa, alisema, ni kurudisha mwendo wa zamani, kuwasha kabla ya kutia mahindi ili mashine ipite upesi pale pabaya, na kuweka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu yake.

"Nikamwambie Bi Tausi naongeza mwendo?" babu yako alishtuka. "Atanimwagia uji wa moto!"

Nilikwenda mie kumwambia, babu yako akabaki kuweka tairi. Ijumaa Bi Tausi alikwenda kweli kwa jumbe, akaja naye, akamketisha chumbani kwake. Mama yule akajaza maji kikombe kimoja mpaka juu, akakiweka ukingoni mwa rafu, akasimama kando amefumbata mikono. Mashine ikawashwa. Maji yakatetemeka kidogo. Kisha yakatulia, huku mashine inanguruma kwa mwendo wake wote. Bi Tausi akakichukua kikombe, akanywa maji yote, akanigeukia.

"Mahindi yangu yako jikoni," alisema. "Mwambie mumeo ayasage laini."

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukubwa wa kitu peke yake haukwambii la kufanya, lazima ujue kinabadilikaje, na hesabu zako zinauliza hilohilo. Lakini chaki ya Mwalimu ilingoja kwanza mtu akae kwenye mkeka wa jirani. Jifunze yote mawili. Na ukitaka kumtendea mtu wema, muulize kwanza anapoumia, maana sie nusura tumvunjie vyombo vyote kwa heshima.

Mungu akufungue akili, akupe subira ya hizo alama, na mashine zako ziwatulize majirani. Maliza chai, kisha kafungue daftari. Na hicho kikombe kishike vizuri, ni cha Bi Tausi.