Lori Lilisimama Ahero

Juzi binti yangu alinijia na maboksi matupu, akaniomba nimsaidie kufunga vyombo kwa sababu wanahama. Nikachukua gazeti, nikakizungushia kikombe cha kwanza, na hapo mikono ikagoma. Sijui kama nawe, ndugu yangu, una kazi ndogo kama hiyo inayokushinda. Nilimwambia mgongo unaniuma.

Miaka ya tisini ilipoanza tulikuwa tukikaa mtaa wa Kondele, nyumba ya vyumba viwili. Uani mama jirani alianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya neti kuukuu, mpaka sare zetu za shule zikanuka samaki. Kila jioni nilichambua mboga za osuga pamoja na Dani. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, lakini jani lililoliwa na mdudu alilitupa kabla sijaliona. Nikiharakisha alinikanya, "Osuga ya haraka ni chungu mara mbili."

Baba alipata kazi Mombasa, akatangulia. Barua zake mama alitusomea kwa sauti: mji hauna mwisho, umevuka daraja ukaendelea, nyumba zimetapakaa katikati ya minazi, na kutoka kwetu Kisauni hadi sokoni ni safari. Dani alisikiliza kuliko sisi sote. Alimpa mama jirani kigoda chake na chungu cha maziwa, akisema huko atapata vingine. Akaniuliza kama samaki wa maji ya chumvi hutiwa chumvi tena akipikwa. Tulicheka mpaka mboga zikamwagika.

Nyuma ya kalenda mama alikuwa ameandika vitu vya kubeba na vitu vya kuacha. Siku moja nikasoma. Vya kubeba: cherehani, jiko, magodoro. Vya kuacha: kabati, pipa la maji, kuku. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule: Dani, Ahero. Huko ndiko kulikokuwa na boma la baba mdogo.

Mama akanikuta hapo. Hakunipiga.

"Usimwambie," alisema. "Baba yako ameshaamua. Akifia huko mbali, nani atamrudisha nyumbani azikwe?"

"Lakini ameshagawa kigoda chake, Mama."

"Najua," akajibu, akageukia ukuta.

Kwa wiki mbili nilichambua osuga nikidanganya. Dani akiuliza atalala wapi, nilimwambia tutalala chumba kimoja. Akiuliza dirisha linatazama wapi, nilimwambia linatazama bahari. Nilikuwa na miaka kumi, na kila siku uongo ulinijia kwa urahisi zaidi ya jana.

Siku ya kuhama baba alikuja na lori lililokuwa likirudi Mombasa tupu. Dani alivaa gauni lake la kanisani. Tulimpandisha kwanza, akaketi juu ya magodoro akanishika mkono, akaimba wimbo wa kanisa njia nzima. Watu wa barabarani alikuwa akiwapungia, ingawa hakujua kama wapo.

Hatukusafiri hata saa moja. Lori likaacha lami, likayumba kwenye mashimo, likasimama. Injini ilipozimwa tukasikia vyura katika mashamba ya mpunga.

"Nyathina," aliniuliza Dani, yaani mwanangu, "tumefika? Kumbe Mombasa ni karibu hivi?"

Baba alikuwa amesimama chini, amenyoosha mikono ampokee. Alinitazama. Nami nikasema, "Ndiyo, Dani. Tumefika."

Akashuka. Ndipo baba mdogo akatoka nyumbani kwake akisema, "Karibu, Mama."

Aliijua sauti ya mwana aliyemzaa. Alisimama pale, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza kama bado kuna mwingine atakayesema jambo. Hakulia wala kulalamika. Aliuliza tu, "Mzigo wangu uko wapi?" Baba akamletea.

Tukapita Kericho. Mama alikuwa amechemsha mayai ya njiani, hakuna aliyeyagusa.

Tulisema tutakuja Desemba. Desemba ikapita, na nyingine. Mvua ya masika iliyofuata, mafuriko ya uwanda wa Kano yakaingia bomani kwa baba mdogo. Alimbeba Dani mgongoni hadi shuleni, walikokimbilia majirani wote. Homa ikamshika kule, na hakuamka. Tulipofika kumzika, mke wa baba mdogo alituambia kwamba Dani hakuwahi kutusema vibaya. Aliuliza tu mara kwa mara kama watoto huko wanapata mboga.

Kaburini tope lilifika vifundoni. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nikaangua kilio, na wanawake wakanikumbatia wakidhani ninalia kama mjukuu yeyote.

Nyumba ya Kondele imebomolewa, pana maduka. Mama jirani sijui alikoenda. Baba na mama nao tumeshawazika, na siku ile hatukuizungumza hata mara moja. Sasa hakuna aliyebaki wa kuniambia kwamba nilikuwa mtoto tu.