Nazi ya Kulengea Shabaha

Juzi, hitima ilipokwisha, nilibaki Utange peke yangu kufungasha vyombo vya marehemu mama. Nyuma ya mlango wa jikoni nikaikuta mbuzi yake ya kukunia nazi, meno yameliwa na kutu, kiti cha mbao kimebonyea pale alipozoea kukaa. Nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto, wala sioni haya kukwambia.

Mama alikuwa askari jela, na pwani nzima hakukuwa na mwanamke wa kumshinda kulenga shabaha. Ukiniuliza alijifunzia wapi, nitakwambia ni jikoni. Alikuna nazi polepole, akizungusha nusu yake na kutoa pumzi kidogo kidogo, na akikaribia kifuu hulegeza mkono ili weusi usiingie kwenye tui. "Mwenye pupa hukuna vidole," aliniambia kila nilipomharakisha kwa njaa. Kabla ya shindano lolote ilikuwa lazima akune nazi moja, ndipo mikono itulie.

Mwaka aliochaguliwa kwenda bara kushindania kombe la kulenga shabaha, nyanya alikuwa amepooza, na ni mama aliyemwogesha na kumlisha. Mkubwa wake wa kazi akamwambia waziwazi: akirudi na kombe atabaki Mombasa, akilikosa atahamishiwa kaskazini, mbali kabisa nasi. Jirani alikubali kumtazama nyanya siku za safari, lakini mimi alinikataa, eti nina domo. Basi nikapakiwa kwenye lori la askari pamoja na mbuzi, nazi moja na mahamri ya njiani.

Safari ilikuwa ndefu, wewe. Tangu Changamwe mabenchi ya mbao yalitupiga mpaka nikasahau nina makalio, joto la Voi likatuchoma, na tulipofika bara baridi ikatuvamia hata vidole vya mama vikawa havikunjiki. Asubuhi wenzake wakaenda kusafisha bunduki, wakichekacheka kwa wasiwasi. Mama alikunywa chai ya rangi, akaikunjua mbuzi nje ya bweni, akaipiga nazi kwa mgongo wa panga.

Ilikuwa imeoza. Mama, aliyenifundisha kuitikisa nazi nisikilize maji kabla ya kuinunua, ile hakuitikisa. Alikuwa na haraka ya kumwogesha nyanya kabla lori halijaondoka. Harufu ikanipanda puani. Nyanya alipenda kusema nazi mbovu harabu ya nzima, na moyo wangu ukaniambia basi, tumekwisha. Nikakimbia kantini kuuliza nazi nyingine. Mwenye kantini akanionyesha kabichi.

Niliporudi, mama alikuwa ameitupa ile nazi. Amekaa juu ya mbuzi, viganja vimekumbatia hewa, anazungusha, anapumua.

"Unakuna nini, dada?" mshindani mmoja wa bara akamuuliza.

"Nazi, mwenzangu," mama akamjibu, wala hakuinua macho.

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikaona vidole vyake vinakunjika tena, nikaanza kumwomba Mungu kwa sauti.

Alilenga vizuri. Wallahi alilenga vizuri. Risasi zote ziliingia katikati isipokuwa ya mwisho, iliyogusa ukingo, na kombe likachukuliwa na yule yule aliyemuuliza anakuna nini. Mama akampa mkono, akampongeza. Lori lilipofika Mariakani akaniuliza kama nina njaa.

Alipohamishwa hakuichukua mbuzi. "Kule hakuna minazi," alisema. Akakuna nazi nzima, akampikia nyanya wali, akamwogesha, akaondoka. Nyanya alikufa kabla mama hajapata likizo, nami nikalelewa na jirani yule yule aliyenikataa. Mama alirudi alipostaafu, akawa mgeni kwangu, tukaishi kwa adabu kama wapangaji wawili.

Siku hizi minazi ya Utange imekatwa kupisha magorofa, tui linauzwa kwenye pakiti, na watoto wangu hawajui nazi hutikiswa kwa nini. Nilipomaliza kulia nilikaa juu ya mbuzi ile, nikakumbatia hewa, nikazungusha na kupumua kama alivyofanya yeye, mpaka nikasikia adhana ya alasiri. Mikono ilitulia, mwenzangu. Moyo ulikataa.